Sura ya Sita: Paipu Yenye Meno

Kipande chenyewe hakikuzidi shubiri moja. Kililazwa juu ya gazeti kuukuu mezani kwa Afande Taratibu: paipu mbili za plastiki, za aina ile inayofukiwa ukutani kupitishia nyaya za umeme, zimeunganishwa katikati kwa kiungio cha chuma. Ncha za paipu zilikuwa zimekatwa tredi, yale meno ya mzunguko anayoyajua kila aliyewahi kufungua kifuniko cha chupa. Juu ya meno mtu alikuwa amezungusha tepu nyeupe, na juu ya tepu akaviringisha nyuzi za katani. Upande mmoja plastiki ilikuwa na ufa.

Kwa ajili ya kipande hicho mpaka rangi mmoja alikuwa kaburini na fundi umeme mmoja alikuwa mahabusu.

Mpaka rangi alikuwa kijana mwenye mke na mtoto anayetambaa. Alimaliza kupaka dari ya chumba cha kufulia katika hosteli mpya, akaenda kuosha brashi, akashika koki ya maji. Hakuiachia mpaka umeme ulipozimwa, na wakati huo alikuwa hana tena haja ya kuachiwa. Ukuta ulipobomolewa chanzo kilionekana wazi. Ndani ya kiungio kile cha chuma waya wa umeme ulikuwa umechubuka ukabaki uchi. Waya ukagusa kiungio, kiungio kikagusa bomba la maji la chuma lililopita ubavuni mwake, na bomba likaupeleka umeme hadi kwenye koki.

Nani aliunganisha paipu namna ile? Hilo ndilo lililobaki, na mkubwa wa kituo aliona kwamba limeshajibiwa. Fundi umeme ndiye aliyeweka paipu. Fundi umeme ndiye aliyekutwa na mashine ya kukatia tredi katika karakana yake ya nyumbani. Kesho asubuhi angepandishwa mahakamani kwa kusababisha kifo kwa uzembe, na jalada lilingoja sahihi ya Afande Taratibu tu.

Hilo la Taratibu halikuwa jina lake la kuzaliwa. Wenzake walimbandika kwa utani, kwa kuwa aliweza kuuliza swali, akanywa chai, kisha akauliza swali lile lile kama halijawahi kuulizwa. Hewala haigombi, naye akaliitikia.

"Nieleze tena," alimwambia mkaguzi wa umeme aliyekuwa amekaa ng'ambo ya meza, bwana mrefu aliyezoea kuipandisha miwani kwenye kipaji na kuisahau huko.

"Nimeshaandika, Afande."

"Nimesoma. Sasa nataka kusikia."

Mkaguzi alishusha pumzi. "Paipu ya plastiki ya umeme haikatwi tredi. Inaunganishwa kwa gundi na viungio vyake vya plastiki. Ukiona tredi kama hizi, ujue mtu ameifunga paipu kwenye jiliwa, kile kibanio cha chuma cha mezani, akatumia mashine. Saiti, tena ukutani, haiwezekani. Kwa hiyo ilifanyika karakanani, na mwenye karakana mnaye."

"Wewe umewahi kujaribu?"

"Kujaribu nini?"

"Kukata tredi kwenye plastiki, pale pale saiti."

Mkaguzi aliitafuta miwani mezani, akaikuta kichwani. "Afande, mimi nimewahi kukataza. Kujaribu, hapana."

"Basi leo tutajaribu," alisema Afande Taratibu, akakifunga kipande ndani ya gazeti.

Kabla ya kutoka alipitia mahabusu. Fundi umeme alikuwa mtu wa makamo, mwenye vidole vinene vilivyokatwa kucha vizuri. Mjini walimwita Volti. Tangu akamatwe alikuwa amejibu maswali kwa "ndiyo," "hapana" na "sijui," na hakuna aliyemsikia akijitetea. Mkubwa wa kituo alisema huo ndio ukimya wa mwenye hatia. Afande Taratibu alikuwa na mashaka, maana wenye hatia aliowajua yeye walikuwa wasemaji sana.

Alikifungua kipande mbele ya nondo. Fundi alikitazama. Hakukigusa, ila macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye katani, yakakaa hapo.

"Umekiona kabla ya leo?"

"Hapana."

"Kazi yako?"

Macho ya fundi hayakutoka kwenye katani.

"Mashine iliyoko karakanani kwako ni ya nini?"

"Ya paipu za chuma. Zamani tulikuwa tunapitisha nyaya kwenye chuma."

"Na hii plastiki nani kaikata?"

"Sijui." Kisha, kwa mara ya kwanza, fundi akauliza swali la kwake. "Mke wangu amekiona hicho?"

"Kwa nini akione?"

"Nauliza tu, Afande."

Mtu anayekabiliwa na kifungo huuliza atatoka lini, au nani atamtetea. Huyu aliuliza kama mkewe ameona kipande cha paipu. Afande Taratibu alilifunga swali hilo ndani ya gazeti pamoja na kipande, akaondoka nalo.

Mke mwenyewe alikuwa kwenye benchi la mapokezi, utepe wa kupimia nguo ukimning'inia shingoni, kwa kuwa alikuwa fundi cherehani na alitoka nyumbani kila asubuhi kama aendaye kazini. Alisimama alipomwona Afande.

"Afande, mimi sina elimu ya umeme. Lakini mume wangu hajui kufanya kazi ya ovyo. Hata taa ya chooni kwetu aliifunga mara mbili kwa sababu ilipinda kidogo."

"Nimekusikia, mama."

"Kila mtu hapa amenisikia. Natafuta wa kunisikiliza."

Afande Taratibu alimwomba asubiri.

*

Chumba cha kufulia kilikuwa mwisho wa korido ya chini. Sinki mbili za saruji, koki mbili, na ukuta uliobandikwa vigae vyeupe mpaka kifuani, isipokuwa pale polisi walipobomoa. Umeme wa jengo zima ulikuwa umekatwa. Koplo, aliyekuwa dereva wa Afande na mpinzani wake katika mambo yote, hata hivyo aliitazama koki kwa jicho la mtu anayemtazama mbwa aliyefungwa kamba nyembamba.

Msimamizi wa ujenzi aliwapokea kwa maneno mengi. Alikuwa mtu mnene wa kutokwa jasho, na simu yake haikukaa mfukoni.

"Ukuta huu uliguswa na nani baada ya fundi umeme kuweka paipu zake?" aliuliza Afande Taratibu.

"Hakuna. Uliwekwa paipu, ukapigwa plasta, ukabandikwa vigae. Basi."

"Na fundi bomba?"

"Yeye alipitisha mabomba yake huko chini. Hakugusa mambo ya umeme. Hapa kwangu kila mtu na kazi yake."

Afande Taratibu alichuchumaa kando ya tundu. Kwenye kingo za ubomozi plasta ilionekana ya rangi mbili. Sehemu kubwa ilikuwa ya kijivu, yenye mchanga mnene. Katikati yake kulikuwa na kiraka cha upana wa sinia, laini, cheupe, cha saruji ile ile iliyoshika vigae. Alikikwaruza kwa ukucha.

"Hiki kiraka?"

"Plasta huwa na mashimo, Afande. Fundi vigae alisawazisha."

"Shimo kubwa namna hii, na paipu iko ndani yake?"

"Mimi sikumbuki kila shimo," alisema msimamizi, na simu ikamwokoa.

Alipomaliza kuongea na simu alikuta polisi wameshafungua stoo. Afande Taratibu alitaka vitu vitatu: paipu mpya ya plastiki kama ile ya ukutani, spana ya bomba, na mashine ya mkono ya kukatia tredi. Vyote vilikuwapo. Mashine ilikuwa ya mafundi bomba, nzito, yenye mkono mrefu na grisi nyeusi, ya kukatia tredi mabomba ya maji ya chuma.

"Sasa jiliwa hakuna," alisema mkaguzi.

"Ndiyo maana tumekuja hapa. Koplo, shika paipu kwa spana. Igandamize ukutani kama ingekuwa imefukiwa nusu. Mkaguzi, kata."

"Mimi?"

"Wewe ndiye uliyesema haiwezekani. Sitaki kesho mtu aseme polisi walilazimisha."

Mkaguzi alivua koti. Aliiingiza mashine kwenye ncha ya paipu, akauvuta mkono. Alijitayarisha kwa nguvu za kukata chuma, nusura aanguke, kwa sababu plastiki haikumpa upinzani wowote. Utepe mwembamba wa plastiki ulichomoka kwenye mashine ukajikunja, ukadondoka juu ya kiatu cha Koplo. Mizunguko michache, na kazi ikawa imekwisha.

"Kumbe!" alisema Koplo. "Hii hata mama mkwe wangu angeikata, na yeye ana mgongo."

Mkaguzi aliigeuza ncha ile kwenye mwanga wa dirisha. Hakukasirika. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyepewa kichezeo chenye siri ndani.

"Inawezekana," alisema. "Nilikosea. Inakatika hata ukutani, bila jiliwa. Lakini sasa tazama kwa nini nakataza, Afande. Ukuta wa paipu hii ni mwembamba. Meno yamekula karibu nusu ya unene wake. Na tazama, meno yenyewe hayana kina. Paipu ya umeme ni nyembamba kidogo kuliko bomba la maji, mashine hii inaing'ata juu juu tu. Ikikaa kwenye kiungio, inacheza."

"Ingefanyaje isicheze?"

"Ungejaza nafasi kwa kitu." Alisita, akalitupia macho furushi la gazeti mkononi mwa Afande. "Kwa tepu. Tepu nyingi."

"Na katani?"

"Na katani."

Walifunga kiungio cha chuma. Mkaguzi alikaza kwa spana, mara moja, mara ya pili, na mara ya pili plastiki ikalia kama kijiti kinachovunjika. Ufa ulikuwa umeanzia kwenye jino la kwanza, pale pale ulipokuwa kwenye kipande cha mezani. Akaingiza kidole ndani ya kiungio. Kati ya ncha mbili za paipu pengo lilikuwa limebaki, na ndani ya pengo meno ya chuma yalikuwa wazi.

"Waya ukivutwa hapo," alisema, "unapita juu ya msumeno."

Afande Taratibu alimwomba jambo moja la mwisho. Kwenye gari kulikuwa na kiungio kilichochukuliwa karakanani kwa fundi umeme, cha zile paipu zake za chuma, kinachooana na tredi za mashine yake. Walifungua kipande cha ukutani, wakajaribu kuviingiza meno kwa meno. Viligoma. Tredi za fundi umeme zilikuwa laini, zimekaribiana. Zile za kipande zilikuwa pana. Walipojaribu kiungio kutoka sanduku la mafundi bomba, kikaingia bila ubishi.

"Kwa hiyo mashine ya Volti haikufanya kazi hii," alisema Koplo.

"Mashine yake haikufanya. Mikono yake bado sijaiondoa, maana mashine ya hapa ingeweza kushikwa na yeyote." Afande Taratibu alijipangusa grisi. "Lakini niambie, Koplo. Tepu nyeupe na katani kazi yake nini?"

"Kuzuia maji yasivuje."

"Na ndani ya paipu ya umeme mna maji?"

Koplo alikichukua kipande, akakitazama upya.

Msimamizi aliitwa tena. Aliulizwa jina la fundi bomba. Akasema wanamwita Mkono Mwepesi, kijana hodari, kazi yake ilikwisha akaondoka. Anakoishi hakukujua, mafundi ni ndege. Alisema hayo huku akiutazama mlango. Afande Taratibu alimwambia asitoke mjini, akaliacha jasho lifanye kazi yake.

*

Nyumbani kwa fundi umeme hawakwenda kumtafuta Mkono Mwepesi. Walikwenda kufunga mlango mmoja: kama karakana ile ilikuwa na mashine nyingine, ya meno mapana, basi majaribio yote ya asubuhi yangekuwa kazi bure. Walimchukua mke pale benchini wakampeleka nao.

Karakana ilikuwa kibanda cha mabati uani, safi kupita sebule nyingi. Kila chombo kilikuwa na msumari wake ukutani, na mchoro wa kalamu kuonyesha chombo gani kinakaa wapi. Msumari mmoja tu ulikuwa mtupu, ule wa mashine iliyochukuliwa na polisi. Hakukuwa na mchoro wa mashine ya pili.

"Asante, mama. Tumemaliza," alisema Afande Taratibu.

"Koplo wako ana grisi mpaka kwenye masikio. Mpitisheni jikoni anawe."

Jikoni kulikuwa na sinki ya bati chini ya dirisha. Koplo alinawa. Sabuni ikamponyoka, ikateleza chini ya sinki, naye Afande akainama kumwokotea kwa kuwa alikuwa karibu zaidi. Aliinama, na hakuinuka upesi.

Bomba la maji lilipanda kutoka sakafuni hadi kwenye koki. Kwenye kiungio kulikuwa na tepu nyeupe, na juu ya tepu nyuzi za katani zimeviringishwa kwa mpangilio, ncha yake imesokotwa ikachomekwa ndani.

"Nani alikufungia bomba hili?" aliuliza akiwa bado ameinama.

Mke wa fundi alitabasamu, tabasamu lake la kwanza. "Mdogo wangu. Ni fundi bomba, na mikono yake ni myepesi hujapata kuona. Wengine huweka tepu, wengine katani. Yeye lazima vyote viwili. Mimi humwambia, wewe unafunga bomba au unasuka nywele?" Akacheka. "Mume wangu ndiye aliyemleta mjini, akamtafutia kazi ya kwanza. Hata hii hosteli alimwingiza yeye."

Afande Taratibu alitamani sana mama huyu angenyamaza. Alikuwa amewahoji wezi, matapeli na mabingwa wa uongo, na hakuna aliyempa ushahidi kwa furaha namna hii. Sasa alielewa lile swali la mahabusu. Kikulacho ki nguoni mwako, na fundi umeme alikuwa ameijua nguo tangu alipoona katani.

"Yuko wapi mdogo wako?"

"Yumo humu humu. Tangu mume wangu achukuliwe hatoki. Ametengeneza bawaba za milango yote, sasa yuko kwenye banda la kuku. Nimwite?"

Hakuhitaji kumwita. Alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, nyundo mkononi, mtu wa miaka thelathini na kitu, miguu peku. Alikuwa ameliona gari la polisi, na alikuwa amemwona Afande akiinuka kutoka chini ya sinki.

Afande Taratibu alifungua gazeti juu ya meza ya jikoni.

"Hii ni kazi yako?"

Mke wa fundi alikitazama kipande. Alikitazama tena, kisha akatazama chini ya sinki. Tabasamu lilibaki usoni kwa muda mdogo, likiwa halina tena mwenyewe.

"Ndiyo," alisema Mkono Mwepesi.

"Nieleze."

"Bomba langu la maji lilikutana na paipu ya shemeji. Nilikuwa nakata njia kwa tindo, nikaipasua. Siku ile shemeji hakuwapo, alikwenda mazikoni kwao. Gundi na viungio vyake viko kwenye stoo yake, na ufunguo ameondoka nao. Nikamwambia msimamizi tumngoje. Akasema fundi vigae anaanza mchana, haiwezekani chumba kizima kisimame kwa kijipaipu."

"Kwa hiyo?"

"Mashine ilikuwa mkononi. Nikajaribu, nikaona inakata kama sabuni. Nikasema, tredi ni tredi. Kiungio cha chuma ninacho. Kilicheza kidogo, nikakijaza tepu na katani kikatulia."

"Msimamizi aliona?"

"Alikitikisa kwa mkono wake. Akasema, safi, hapo hata maji hayavuji." Mkono Mwepesi aliigeuza nyundo mkononi. "Mimi pia nilijisifu hivyo hivyo, Afande. Kwamba hakivuji."

Koplo aliangalia dirishani.

"Ulimwambia shemeji yako aliporudi?"

"Nilisahau. Kazi ilikuwa nzuri, ningekumbuka nini?"

"Ulijua lini kwamba ndiyo iliyomuua mpaka rangi?"

"Mlipobomoa ukuta. Nilikuwa nyuma ya watu."

"Na ukanyamaza."

"Nilinyamaza." Sauti ilianza kumkatika. "Nilisema shemeji hana kosa, watamwachia tu. Kila asubuhi nasema, leo watamwachia. Nikachukua nyundo nikatafuta kitu cha kutengeneza."

Dada yake hakupiga kelele. Aliuvua ule utepe shingoni akauweka juu ya meza, kando ya kipande.

"Mume wangu analala sakafuni," alisema, "na wewe unanitengenezea banda la kuku."

"Dada..."

"Vaa viatu."

"Dada, nisikilize."

"Nimekulea mgongoni mama akiwa shambani, nimekusikiliza vya kutosha. Leo vaa viatu."

Akavaa.

*

Alasiri Afande Taratibu aliandika maelezo ya Mkono Mwepesi ofisini kwake, mkaguzi akiongeza karatasi yake mwenyewe kusahihisha ile ya kwanza. Koplo alitumwa kumleta msimamizi. Mwendesha mashtaka, kwa simu, alinung'unika, kisha akakubali: fundi umeme atoke kwa dhamana, aje kama shahidi. Ilibaki kumtoa.

Volti aliletwa akishika suruali kwa mkono, maana mkanda ulikuwa umechukuliwa mapokezi. Alipomwona shemeji yake kwenye kiti, na mkewe amesimama mlangoni, alimgeukia Afande kwa hasira ya wazi. Ilikuwa mara ya kwanza kuonyesha chochote.

"Nilikuuliza kama amekiona!"

"Amekiona jikoni kwake mwenyewe," alisema Afande Taratibu. "Sikumwonyesha mimi."

"Shemeji," alisema Mkono Mwepesi, "ulijua?"

"Katani yako? Ningeijua hata gizani kwa kupapasa."

"Sasa mbona ulinyamaza? Mimi nilinyamaza kwa woga. Wewe?"

Volti aliketi bila kuambiwa.

"Nilisema mke wangu asije akalazimishwa kuchagua kati yetu wawili," alisema. "Hilo ni moja, nalo ni la kweli. Lakini lingekuwa hilo tu, pengine kufikia jana ningeshasema. Ninalo jingine." Aliviweka vidole vyake vinene juu ya meza. "Afande, andika. Niliporudi kutoka mazikoni nilikuta vigae vimeshabandikwa. Nikaanza kuvuta nyaya. Pale nyuma ya sinki waya ukakwama. Nikaupaka sabuni, ukakwama tena. Fundi anayejua kazi, waya ukikwama hivyo, anaacha. Anabomoa, anatazama. Mimi nimewafundisha watu wengi hivyo, hata huyu."

"Na ukafanyaje?"

"Msimamizi alikuwa mlangoni anasema usinivunjie vigae. Nikavuta kwa nguvu. Niliusikia ukikwaruza, mpaka huku kwenye kiwiko niliusikia. Nikavuta hadi ukatoka upande wa pili, nikafunga kiboksi, nikaenda kula." Alimwonyesha shemeji yake kwa kidevu. "Yeye hakujua alichofanya. Mimi nilikuwa najua."

Kalamu ya Afande Taratibu ilikuwa imesimama. Mchana kutwa alikuwa amejenga kesi ya kumtoa mtu asiye na hatia, na kazi ilikuwa nzuri, kila jino limeingia mahali pake. Alisikitika kwa moyo wote kwamba mtu huyo hakuwapo. Akaandika yote aliyoambiwa, akamsomea, fundi akatia sahihi.

"Nitampelekea mwendesha mashtaka," alisema. "Ataamua yeye, na inaweza kukurudia. Lakini dhamana yako imeshakubaliwa. Kwa leo, nenda nyumbani."

"Kijana abaki, mimi niende? Hapana. Nirudishe ndani."

"Shemeji, nenda," alisema Mkono Mwepesi.

"Sitoki."

Hapo mkewe alitoka mlangoni akaja mpaka mezani. Hakumtazama mdogo wake, wala Afande. Alichukua mkanda wa suruali, uliokuwa umeletwa kutoka mapokezi ukawekwa juu ya jalada, akaanza kumvisha mumewe, kitanzi kwa kitanzi, kama wanavyovishwa watoto wa shule.

"Simama," alimwambia. "Nikifika kwangu watoto wataniuliza habari za mmoja, nitajikaza niwaambie. Wawili siwezi."

Volti akasimama. Aliukaza mkanda, akamshika mkewe mkono, wakatoka. Walikuwa wameshafika kwenye ngazi Afande Taratibu aliposikia kilio cha yule mama, kikubwa, kisichojificha tena, na Mkono Mwepesi akaziba masikio yake yote mawili.